"Cry": machozi au sauti? Namna ya kulitumia neno hili la Kiingereza bila kuteleza

Anayejifunza Kiingereza hukutana na neno "cry" mapema sana, na maana anayopewa huwa moja: kulia. Maana hiyo si ya uongo, lakini inamwachia mapengo mawili. La kwanza, "cry" hufanya kazi ambazo kitenzi chetu "kulia" hakizifanyi. La pili, ambalo ndilo huharibu sentensi nyingi zaidi, ni kwamba "kulia" hufanya kazi ambazo "cry" haliwezi kuzifanya hata kidogo. Simu hulia, kengele hulia, mlango hulia, bunduki hulia. Kwa Kiingereza hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachochukua "cry". Kwa hiyo kulijua neno hili ni kujua mambo mawili kwa pamoja: lini ulitumie, na lini ulikimbie.

Hatua ya kwanza: amua kama ni machozi au ni sauti

"Cry" liliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale katika karne ya 13, na halikuja na machozi. Maana yake ilikuwa kupaza sauti, kuita, kusihi. Mpaka leo "crier" ya Kifaransa ni kupiga kelele, na Wafaransa wana kitenzi kingine, "pleurer", kwa kulia machozi. Waingereza nao walikuwa na chao cha machozi, "weep". Lakini kwa kuwa mtu anayelia mara nyingi hutoa na sauti, "cry" lilianza kuteleza upande wa machozi, na kufikia karne ya 16 maana hiyo ilikuwa imeshika. Taratibu likalisukuma "weep" likabaki kwenye mashairi, vitabu na magazeti, lenyewe likatwaa mazungumzo ya kila siku.

Mfano ulio wazi kuliko yote umo katika Injili ya Yohana sura ya 11, kwa tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611. Aya ya 35 inasema "Jesus wept". Aya ya 43, anapomwita Lazaro kutoka kaburini, inasema "he cried with a loud voice". Biblia ya Kiswahili ya Union Version ina kitenzi kimoja mahali pote pawili: "akalia machozi" na "akalia kwa sauti kuu". Kiswahili kilitenganisha kwa kuongeza neno baada ya kitenzi; Kiingereza cha wakati ule kilitenganisha kwa kubadili kitenzi chenyewe. Ukisoma maandishi ya zamani, basi, usikimbilie machozi kila uonapo "cried". Katika Kiingereza cha leo mambo yamegeuka: "he cried" ikisimama peke yake, msikilizaji atawaza machozi moja kwa moja.

Ili kujua ni maana ipi iliyo mbele yako, tafuta alama tatu. Kukiwa na maneno ya msemaji ndani ya alama za kunukuu, kama "'Stop!' he cried", hiyo ni sauti. Likifuatwa na "out", kama "she cried out", hiyo ni sauti pia. Na likiwa nomino yenye "a" au yenye wingi, kama "a cry" au "cries", kwa kawaida ni sauti. Pasipokuwa na alama hata moja kati ya hizo, chukua machozi na utakuwa sahihi karibu kila mara.

Hatua ya pili: liandike na ulitamke sawasawa

Kanuni ya tahajia ni ileile ya "try", "dry" na "fry". Kwa kuwa kabla ya y kuna konsonanti, y hugeuka kuwa i unapoongeza -es au -ed: "cries", "cried". Mbele ya -ing y hubaki mahali pake: "crying". Makosa yanayojirudia ni "cryed", "crys" na "criing". Mtu anayepiga mbiu ni "crier", kwa i.

Katika kutamka, tatizo ni k na r kukaa pamoja. Ulimi uliozoea silabi za Kiswahili hupenda kupachika irabu katikati, na neno linatoka "kirai", silabi tatu badala ya moja. Zoezi linalosaidia ni kuanza na r peke yake: sema "rai" kwa mkato, kama sauti moja, kisha gusa k mbele yake bila kufungua mdomo katikati. "Cried" nalo ni silabi moja tu, linaishia na d kavu, si "kra-yedi". "Cries" linaishia na z, si s. Na ikiwa r na l hukuchanganyia, lifanyie kazi kwa makusudi, maana "cry" likitamkwa kwa l halieleweki.

Hatua ya tatu: jenga sentensi ya machozi

Katika maana ya machozi, "cry" ni kitenzi kisichobeba mtu kama yambwa, yaani mtendwa. Hapa ndipo Kiswahili kinapotuponza. Sisi tuna kauli ya kutendea, "kumlilia mtu", na kauli ya kutendesha, "kumliza mtu". Zote mbili huingiza mtu ndani ya kitenzi. Kiingereza hakina mlango huo. "I cried my mother" haimaanishi chochote. "He cried me" vilevile.

"Kuliza" hujengwa kwa "make": "He made me cry." Angalia kwamba baada ya "make" hakuna "to". "He made me to cry" ni kosa linalosikika kila siku. Ukitaka maneno mazito zaidi, yapo "he reduced me to tears", yaani alinifikisha kwenye machozi.

"Kulilia" ndiyo yenye kazi zaidi, kwa sababu kauli hii moja ya Kiswahili hugawanyika katika vihusishi kadhaa vya Kiingereza, na ukikosea kihusishi unabadilisha habari nzima.

"Cry for" ni kulilia kitu unachokitaka. "The baby is crying for her mother": mtoto anamtaka mama yake. Methali yetu "mtoto akililia wembe, mpe" ingekuwa "if a child cries for a razor, give it to him". "Cry for" hubeba pia huruma: "Don't cry for me" ni usinililie, usinisikitikie. Maana hizi mbili hutenganishwa na mazingira tu, na ndiyo maana kwa msiba ni salama zaidi kuepuka "cry for" na kusema "she mourned her father" au "she cried over her father's death". Ukiandika "she cried for her father", msomaji anaweza kuona mtoto anayemtaka baba yake aje, hali wewe ulimaanisha marehemu.

"Cry over" ni kulia kwa sababu ya kitu kilichopotea au kilichoharibika, na mara nyingi, isipokuwa kwa kifo, hubeba wazo kwamba kitu chenyewe hakistahili machozi hayo. "Don't cry over him" ni shauri la kumsahau mtu.

"Cry about" hutaja sababu bila kuihukumu, na ndiyo njia ya kuuliza "unalia nini?" Tafsiri yake ni "What are you crying about?" Kihusishi kinabaki mwishoni, na usikidondoshe, "What are you crying?" haisimami. Angalia pia wakati: anayelia mbele yako huulizwa kwa "are you crying". "Why do you cry?" huuliza tabia, yaani kwa nini huwa unalia.

"Cry to" ni kumwendea mtu kwa kilio au malalamiko: "he went crying to his boss". Katika maombi husemwa "cry to God" au "cry out to God", nayo ni kumlilia Mungu.

"Cry at" huenda na tukio au kitu unachokitazama: "She cries at weddings", "I cried at the end of the film". "Cry with" huenda na hisia isiyo na "a" wala "the": "cry with relief", "cry with pain", "cry with frustration". Kwa furaha utasikia "cry with joy" na "cry for joy", zote mbili sawa. Lakini "cry with" ikifuatwa na mtu ni kulia pamoja naye, jambo tutakalolirudia kwa sababu ya "nalia na wewe" ya Kiswahili.

Vipo vitu vichache ambavyo "cry" huvibeba moja kwa moja. Machozi yenyewe ni kimojawapo: "cry tears of joy", "cry bitter tears". Kingine ni mafungu yaliyokwisha kuganda: "cry your eyes out" na "cry your heart out", kulia mpaka basi, "cry yourself to sleep", kulia mpaka usingizi ukuchukue. Katika haya badilisha kiwakilishi kulingana na mtu, "she cried her eyes out", "they cried themselves to sleep", ila usiguse kitu kingine.

Kuanza na kuacha kulia nako kuna mitego. "Kuangua kilio" kuna njia mbili, "burst into tears" na "burst out crying". Watu huzichanganya wakapata "burst into crying" au "burst out tears", na zote mbili zinasikika kama mashine iliyokatika. Ukikumbuka kwamba "into" hufuatwa na nomino na "out" hufuatwa na kitenzi chenye -ing, hutakosea. "Stop crying" ni acha kulia. "Stop to cry" ni kusimama, labda njiani, ili ulie. "Start" haina ubaguzi huo. "Start crying" na "start to cry" ni mamoja. "Nilitaka kulia", kwa maana ya machozi kunilengalenga, si "I wanted to cry" kila mara. Kilicho cha kawaida zaidi ni "I felt like crying" au "I was close to tears".

Hatua ya nne: jenga sentensi ya sauti

Hapa tahadhari ya kwanza ni ya mahali. "Cry" kwa maana ya kupaza sauti ni Kiingereza cha hadithi na maandishi. Mtu anayezungumza leo husema "shout", "scream" au "yell". "Usinipigie kelele" ni "don't shout at me". Ukisema "don't cry at me" utaeleweka kwamba unamwambia mtu asikumwagie machozi. Na "shout at" ni kumfokea mtu, ilhali "shout to" ni kumwita aliye mbali.

Katika kuandika hadithi, "cried" hufuata maneno yaliyonukuliwa: "'The boat is sinking!' cried the fisherman." Jina la msemaji likiwa nomino unaweza kulitanguliza au kulifuatisha: "cried the fisherman" au "the fisherman cried". Likiwa kiwakilishi, weka mbele: "he cried". "Cried he" ni mtindo wa kale. Tena usilitumie kila mstari. "Cried" moja katika ukurasa hushtua. Tano huchosha, na "said" ya kawaida hufanya kazi bila kuonekana.

"Cry out" ni kutoa sauti ghafla, aghalabu bila kutaka, kwa maumivu, hofu au mshangao: "He cried out in pain." Hii haina machozi ndani yake, na tofauti ya "he cried" na "he cried out" ni kubwa kuliko urefu wa neno "out". Wa kwanza alilia. Wa pili alipiga yowe.

"Cry out for" ina matumizi ya pili yanayopendeza sana, ambapo kitu kisicho na uhai kinahitaji jambo kwa dhahiri: "The roof is crying out for repair", paa lenyewe linadai kutengenezwa. Hapa mara nyingi hutumika hali ya kuendelea. "Cry out against" ni kupaza sauti kupinga, kama dhuluma.

"Cry off" ni ya Waingereza zaidi: kujitoa katika ahadi au mpango mliokubaliana. "Two of the guests cried off at the last minute." Hakuna anayelia wala anayepiga kelele; Wamarekani husema "back out".

Hatua ya tano: nomino, hapa pana hila

"A cry" ni mlio mmoja wa sauti. "I heard a cry" ni nilisikia yowe. Ukitaka kusema ulisikia mtu akilia machozi, sema "I heard crying" au "I heard someone crying". Mtu aliyelala jirani na mtoto mchanga hawezi kusema "I heard a cry all night", kwa sababu yowe moja halidumu usiku kucha.

Kuna mahali pamoja pa kawaida ambapo "a cry" ni machozi: baada ya "have". "Have a cry", au kwa kusisitiza "have a good cry", ni kulia mpaka moyo upoe. "Good" hapa haisifu kilio, inasema kilitosha.

"A cry for help" ni mwito wa msaada, na katika mazungumzo ya leo mara nyingi huwa mwito usio na sauti: tendo la mtu aliyelemewa linaloonyesha kwamba anahitaji kusaidiwa. Ni maneno ya kuyachukulia kwa uzito. Tena ni jina la mwito, si mwito wenyewe, aliye hatarini hupaza "Help!" tu.

"Battle cry" au "war cry" ni ukelele wa vita, na "rallying cry" ni kauli inayowakusanya watu nyuma ya jambo. "Outcry" ni kilio cha umma, hasira ya wengi: "a public outcry over the new tax". Ndugu yake wa karibu ni "decry", kushutumu hadharani, ambalo hubeba yambwa bila kihusishi: "they decried the decision", kamwe si "decried against". "Descry" linafanana nalo kwa macho, lakini usilichanganye nalo. Maana yake ni kuona kitu kwa mbali, na ni nadra.

Hatua ya sita: pale "kulia" isipokuwa "cry"

Hatua hii ndiyo itakayokuokoa mara nyingi zaidi. Katika Kiswahili chochote kinachotoa sauti kinaweza kulia. "Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo", na mbiu si mtu. Kiingereza hugawa kila sauti kitenzi chake.

Simu na kengele ni "ring". Kengele ya saa inayokuamsha ni "go off", na king'ora kinachoanza ghafla nacho ni "go off", ingawa king'ora kinachoendelea kulia kwa sauti ndefu ni "wail". Bunduki iliyolia ni "went off" au "was fired". Mlango na ngazi ya mbao ni "creak". Honi ya gari ni "honk" au "sound". Redio ni "play" tu. Ngoma ni "beat".

Wanyama vivyo hivyo: mbuzi na kondoo "bleat", ng'ombe "moo", paka "mew" au "miaow", punda "bray", jogoo "crow". Mbwa anayelia kwa sauti nyembamba kwa sababu amefungiwa ni "whine", na akilia usiku kwa sauti ndefu ni "howl". "Cry" kwa wanyama limebaki zaidi kwa ndege, hasa wa baharini na wa mawindo, "the cry of a gull", "the cry of an eagle".

Kisha zipo "kulia" za mafumbo. "Nalia na wewe" ina lawama: wewe ndiye ninayekulalamikia. Kwa Kiingereza ni "I blame you" au "it's you I have a problem with". Ukiandika "I am crying with you" umempa mshtakiwa wako rambirambi. "Nimelizwa", kwa maana ya kutapeliwa au kuibiwa, ni "I was conned" au "I was robbed". "Analia njaa" kwa maana ya kulalamikia ukata ni "he is pleading poverty", hasa ukihisi kwamba anazidisha. "Kulialia" ya mtu mzima asiyeacha kunung'unika ni "whine". "Kulia ngoa" ni wivu, kwa hiyo tafuta "be jealous". Na "kilio" kikiwa na maana ya msiba ni "funeral" au "bereavement". Mtu haendi "to a cry".

La mwisho ni la maandishi matupu, na programu za kutafsiri huweza kulikosea. "Kulia" ya "mkono wa kulia" ni "right", na "kulia" ya "chumba cha kulia" imetoka kwa "kula": ni "dining room". Ukitafsiri kwa mashine, pitia kila "kulia" kwa jicho lako mwenyewe.

Hatua ya saba: chagua aina ya kilio

"Cry" ni neno la wastani, halisemi mtu alilia vipi. Penye haja ya kuonyesha, chagua. "Weep" ni machozi ya kimya na ya heshima. Wakati uliopita ni "wept". "Sob" ni kulia kwa kwikwi, pumzi zikikatika. Huongezwa b ya pili, "sobbed", "sobbing". "Whimper" ni kusinasina kwa sauti dhaifu, ya mtoto mgonjwa au aliyeogopa. "Wail" ni kilio kirefu cha sauti ya juu, cha maombolezo. "Bawl" ni kulia kwa kelele mdomo wazi, na huchukuliwa kuwa la kukosa heshima ukilitumia kwa mtu mzima aliyefiwa. Kwa sauti bila machozi, "scream" ni kali na ya hofu au maumivu, "shriek" ni nyembamba zaidi na ya ghafla, "yell" ni ya nguvu na mara nyingi ya hasira.

Kosa la wanaopenda msamiati mpana ni kuweka "wail" pale ambapo mtu alidondosha machozi mawili. Usipokuwa na hakika, "cry" haitakuaibisha.

Hatua ya nane: misemo, ichukue mizima

"It's no use crying over spilt milk" inakaa vizuri karibu na maji yakimwagika hayazoleki. "Cry wolf", iliyotoka katika hekaya ya kale ya mchungaji aliyedanganya kwamba mbwa mwitu amekuja, ni kupiga mayowe ya uongo hadi siku ya kweli usiaminiwe. "Cry foul" ni kulalamika kwamba umechezewa rafu, na haina "a": "the losers cried foul". "A shoulder to cry on" ni mtu wa kumwendea wakati wa huzuni. "A crying shame" ni aibu kubwa na "a crying need" ni haja isiyosubiri. "Crying" ya namna hii hukaa mbele ya nomino tu, huwezi kusema "the need is crying".

"A far cry from" huwatatiza wengi, kwa sababu hakuna kilio wala kelele iliyobaki ndani yake. Ilikuwa njia ya kupima umbali kwa sauti, yaani mahali ambapo yowe linaweza kufika. Sasa ni tofauti kubwa: "His new house is a far cry from the room he used to rent." Kilichobora zaidi au kibaya zaidi hakitajwi na msemo, sentensi ndiyo isemayo. "From" haikosekani.

"Hue and cry" ni zogo la watu wengi. Asili yake ni sheria. Sheria ya Winchester ya mwaka 1285 iliwataka watu wa Uingereza wapige mayowe na kumfukuza mhalifu wanapogundua uhalifu. "Hue" hii haihusiani na "hue" ya rangi. Nayo ilikuwa ukelele.

"For crying out loud" ni mlipuko wa kuudhika, "jamani!" yenye hasira kidogo. Inakubalika nyumbani na kwa marafiki, si katika barua ya kazi.

Jipime

Tafsiri hizi kwanza bila kusoma mbele: kengele ya shule ililia saa mbili asubuhi, walimliza fedha zake zote, nilisikia kilio usiku kucha, alipiga yowe nyuki alipomuuma, usije kunililia shida zako, kuta hizi zinadai rangi, nusura aangue kilio.

Ya kwanza ni "the school bell rang at eight in the morning", na aliyeandika "cried at two" amekosea mara mbili. Ya pili ni "they conned him out of all his money". Ya tatu ni "I heard crying all night", bila "a". Ya nne ni "she cried out when the bee stung her". Bila "out" ungekuwa umemtoa machozi, ambayo huenda hayakuwapo. Ya tano ni "don't come crying to me about your problems", ambapo "to" inamwonyesha anayeendewa na "about" inaonyesha jambo lenyewe. Ya sita ni "these walls are crying out for paint". Ya saba ni "she almost burst into tears" au "she almost burst out crying". Ukiwa umeandika "almost burst into crying", rudi hatua ya tatu.